Maji ya Rubafu ni laini, lakini povu si cheti cha usalama

Na Mwandishi Wetu

UKIFUA nguo kwa maji ya Ziwa Victoria huko Rubafu, kaskazini mwa mji wa Bukoba, kipande kidogo cha sabuni hutoa povu la kutosha. Birika nalo halishiki ule utando mweupe unaowasumbua wakazi wa mikoa ya kati. Sifa hiyo ni ya kweli na ina thamani ya fedha. Tatizo huanza pale povu linapochukuliwa kuwa ushahidi kwamba maji hayo yanafaa kunywewa.

Ugumu wa maji hutokana na madini ya kalisi na magnesi. Maji yenye chini ya miligramu 60 za madini hayo kwa lita, kwa kipimo cha chokaa, huitwa laini. Yakizidi 180 huitwa magumu sana. Maji ya Ziwa Victoria yako katika kundi la kwanza.

Sababu kubwa ni mvua. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Mvua hiyo, ikinyesha juu ya ardhi ya mawe ya mchanga, imekuwa ikiosha madini kwa karne nyingi. Ndiyo maana pia udongo wa Bukoba una tindikali, na kibanja cha migomba kisichotiwa samadi huchoka upesi. Ziwa lenyewe hupata takriban asilimia 80 ya maji yake kutokana na mvua inayolinyeshea moja kwa moja.

Faida kwa mfuko wa familia

Hesabu ya kikemia inaonyesha tofauti hiyo. Ndoo ya lita 20 ya maji yenye ugumu wa miligramu 300 humeza zaidi ya gramu 35 za sabuni kabla povu halijasimama. Ndoo hiyo hiyo yenye maji ya miligramu 30 humeza gramu nne hivi. Kwa mama lishe, mwenye nyumba ya wageni au kinyozi, tofauti hiyo ni fedha ya kila siku.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa ukanda huu anayeshawishiwa kununua mtambo wa kulainisha maji afikiri mara mbili. Atakuwa analipia kazi ambayo mvua imekwishaifanya bure.

Hasara iliyojificha

Hata hivyo, maji laini yenye tindikali yana tabia ya kula chuma. Maji magumu huacha utando wa chokaa ndani ya bomba, na utando huo hulinda chuma. Maji laini hayaachi kinga hiyo. Matokeo yake ni kutu, maji mekundu asubuhi, na viungo vinavyovuja mapema. Bomba linalovuja, mgao unapokatika na shinikizo kushuka, hunyonya uchafu wa mtaroni.

Anayejenga sasa ni vyema atumie mabomba ya plastiki badala ya chuma. Mwenye mabomba ya zamani ayaache maji ya kwanza ya asubuhi yatiririke kwenye ndoo ya kufulia au kudekia, kisha ndipo akinge ya kunywa.

Vimelea havipimwi kwa sabuni

Hatari kubwa zaidi haihusiani na ugumu kabisa. Vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara huishi katika maji laini na magumu vilevile. Kichocho, ambacho ni tatizo la muda mrefu katika ukanda wa ziwa, huingia kupitia ngozi ya anayeoga au kuteka maji ufukweni. Maji yakitunzwa siku mbili katika chombo kisicho na konokono, viluwiluwi vya kichocho hufa. Bakteria hubaki, hivyo ni lazima maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini.

Klorini nayo ina masharti. Maji yenye tope huimaliza nguvu, hivyo yatuame na kuchujwa kwanza. Na pale ziwa linapogeuka kijani kwa mwani, usiteke hapo. Baadhi ya mwani huo hutoa sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha.

Wasio na bomba wengi hutegemea chemchemi. Mpango wa HESAWA, uliofadhiliwa na Sweden katika mikoa ya Kagera, Mwanza na Mara kuanzia 1985 hadi 2002, ulijengea chemchemi na visima vingi vifupi. Kazi hiyo hupotea pale ng'ombe wanaponyweshwa kwenye chanzo, au choo kinapochimbwa juu yake mteremkoni.

Shambani na bwawani

Kwa mkulima, maji laini ni mazuri kwa kuchanganyia dawa za magugu aina ya glaifoseti, ambazo hudhoofishwa na maji magumu. Lakini tope huzidhoofisha pia, kwa hiyo yachujwe.

Mfugaji wa samaki yuko upande wa pili. Bwawa la maji laini mno halina akiba ya kuzuia tindikali kupanda, na chakula cha asili cha perege hakistawi. Kabla ya kupandikiza vifaranga, apime maji na udongo, kisha amwone ofisa uvuvi kuhusu kiasi cha chokaa ya kilimo.

Tangu Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) uanzishwe mwaka 2019, miradi mingi ya vijijini huendeshwa na vyombo vya watumia maji wenyewe. Wanaochangia wana haki ya kuuliza kwenye mkutano wa kijiji: maji yetu yalipimwa lini, na yalikutwa na vimelea vya kinyesi au la? Swali hilo lina uzito kuliko povu lote la ndooni.