Usugu wa dawa: Namna antibaiotiki ya leo inavyoweza kuharibu tiba ya kesho

Mkaazi wa Kampala anayeamka na mafua hahitaji kwenda mbali kutafuta antibaiotiki. Ingawa dawa hizo zinapaswa kutolewa kwa cheti cha daktari, maduka mengi ya dawa huziuza bila cheti, wakati mwingine vidonge vichache tu, kwa kadiri ya fedha alizo nazo mnunuzi. Mafua yanapopoa, sifa huenda kwa dawa. Lakini mafua husababishwa na virusi, na antibaiotiki haiui virusi.

Hata hivyo, vidonge hivyo havikupita bure. Katika utumbo wa binadamu wanaishi matrilioni ya bakteria, wengi wao wenye manufaa: husaidia kusaga chakula na huzuia vijidudu waharibifu kupata makao. Antibaiotiki huua bakteria wengi walio dhaifu mbele yake, wakiwemo hao wenye manufaa. Wachache walio sugu husalia, wakapata nafasi tele ya kuzaana.

Isitoshe, bakteria hupeana usugu kupitia vipande vidogo vya vinasaba viitwavyo plasmidi, hata wakiwa wa jamii tofauti. Hivyo Escherichia coli asiye na madhara anaweza kumpa Klebsiella uwezo wa kutengeneza kimeng'enya kinachovunja penisilini, na hata seftriaksoni, sindano inayotegemewa sana hospitalini nchini Uganda.

Mtu mwenye bakteria hao anaweza kuwa mzima kabisa. Hatari huja wanapohama utumbo na kuingia katika njia ya mkojo, kidonda cha upasuaji au damu ya mama aliyejifungua. Hapo dawa ya kawaida hushindwa, na inayosalia huwa ghali au haipatikani. Bakteria hao pia hutoka na kinyesi. Penye uhaba wa vyoo na maji safi, humfikia hata jirani ambaye hakumeza kidonge chochote.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet ulikadiria kuwa usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Wataalamu wa afya wanashauri antibaiotiki itumiwe kwa maelekezo ya mhudumu wa afya pekee, kwa kipimo na siku alizoagiza, na kwamba vidonge vilivyobaki visihifadhiwe wala kugawiwa mgonjwa mwingine.