MAKAA YALIYOKWAMA MANZA



Kila nahodha wa pwani yetu ya Kionga, hapa kusini ya mlango wa mto Ruvuma, anajua kwamba mwamba hauna huruma na chombo. Leo tunawaletea habari ya meli ya makaa iliyoangamia si hapa kwetu, bali katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Lakini habari yake inatuhusu. Mwaka 1915 Manza na Kionga zilikuwa chini ya serikali moja ya Kijerumani. Manza ilikuwa karibu na mpaka wa kaskazini, na Kionga ilikuwa ukingo wa kusini kabisa. Vita vilivyowasha moto kule vilishuka mpaka huku.

KIU YA MAKAA

Siku zile manowari bila makaa ilikuwa chuma kinachoelea tu. Wajerumani walikuwa na manowari moja kubwa katika pwani hii, jina lake Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja. Baadaye mitambo yake iliharibika, ikajificha ndani ya vijito vya Rufiji, katikati ya mikoko. Vipande vya mtambo vilivutwa na watu kwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikavutwa tena kurudi.

Makaa ndiyo yaliyoifichua. Oktoba 1914 Waingereza walipekua meli ya Kijerumani iliyokuwa Lindi, wakakuta karatasi zinazoonyesha kwamba makaa yalikuwa yamepelekwa Rufiji kwa matishari. Basi wakajua adui yuko wapi. Novemba wakaichoma kwa mizinga meli ya Somali iliyokuwa na akiba ya makaa, na wakazamisha meli yao wenyewe ya makaa, Newbridge, ili kuziba mlango mmoja wa mto. Königsberg ikabaki ndani, ina kiu.

MELI YENYE JINA LA UONGO

Serikali ya Ujerumani ikaamua kuleta makaa kutoka Ulaya. Ilikuwa na meli ya mizigo ya Kiingereza, Rubens, iliyokamatwa Hamburg vita vilipoanza. Haikuwa kubwa: tani 3,600 hivi. Ikapakwa rangi upya, ikaitwa Kronborg kana kwamba ni ya Denmark, na mbao zikapangwa juu ya sitaha ili kuwahadaa watakaoiona. Tumboni mlikuwa na tani 1,600 hivi za makaa, pamoja na bunduki, risasi na vifaa vingine.

Iliondoka Wilhelmshaven tarehe 18 Februari 1915 chini ya nahodha Carl Christiansen. Ikapita kaskazini ya Uingereza, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapanda mpaka bahari yetu. Karibu miezi miwili wachochea moto walikuwa mbele ya matanuri, koleo mkononi, usiku na mchana.

Lakini Waingereza walikuwa wamezinasa habari zake za redio. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari yao Hyacinth iliifukuza karibu na Tanga. Mtambo mmoja wa Hyacinth ukaharibika, na Rubens ikapata nafasi ya kukimbilia ndani ya ghuba ya Manza. Mizinga ikaifuata humo humo. Christiansen akaamuru maji yaingizwe katika matumbo ya meli na mbao za juu zichomwe moto. Waingereza walipoona moshi na miali, waliamini kwamba kila kitu kimeteketea, wakaondoka.

Kumbe maji yalikuwa yameilinda shehena. Kwa muda wa majuma kadhaa wapiga mbizi walishuka ndani ya mabaki, wakatoa bunduki na risasi. Risasi nyingi zilikuwa zimeingia maji ya chumvi. Zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena. Ama makaa, hayakufika Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilipigwa na kuharibiwa pale pale ilipojificha.

MIKONO ISIYO NA MAJINA

Mpaka hapa, ndugu, tumetaja nahodha na manowari kwa majina, kwa kuwa majina hayo yaliandikwa. Sasa tuulize: nani alibeba?

Tufanye hesabu kama tunavyofanya mizani ya mkonge. Tani 1,600 ni kilo 1,600,000. Kwa magunia ya kilo 50, hiyo ni safari 32,000 za mgongo wa mtu. Na hayo ni makaa ya meli moja. Makaa ya Lindi yalipakiwa katika matishari na watu. Shehena ya Manza ilitolewa pwani kwa vichwa na mabega ya watu. Majina yao yako wapi?

Vita vilivyoendelea vilikuwa hivyo hivyo. Machi 1916 Ureno iliingia vitani, na Aprili jeshi lake likaichukua Kionga. Mei likajaribu kuvuka Ruvuma, likarudishwa nyuma. Novemba 1917 Wajerumani wakavuka mto huo na kuingia Msumbiji. Kila jeshi lilipopita, Wareno, Waingereza na Wajerumani, lilikamata wanaume wa vijiji wabebe mizigo. Mwaka 1919 wakubwa walikaa Ulaya wakaipa Ureno pembetatu ya Kionga. Wapagazi hawakuulizwa.

Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Jina la kikosi limebaki sokoni, lakini majina ya watu yamepotea. Mishahara ya maelfu waliokufa haikuwafikia wajane na watoto, kwa sababu jina, baba au kijiji hakikuandikwa sawasawa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

LINATUHUSU NINI?

Linatuhusu sana. Kibarua anayepakia gunia leo bila kuandikwa daftarini yuko mahali pale pale alipokuwa mpagazi wa mwaka 1915. Akianguka kutoka ngazini au akikatwa na mashine, mwenye kazi atasema hamjui, na mke wake atakosa karatasi ya kudai.

Kwa hiyo, wenzetu, kabla hujainua mzigo wa kwanza, hakikisha jina lako limeandikwa, na limeandikwa kama unavyoitwa. Tunza karatasi ya mshahara. Mwonyeshe mkeo au ndugu yako inapowekwa. Mjumbe wa tawi naye awe na orodha yake ya wanachama na ya vibarua wote, asitegemee daftari la ofisi peke yake. Ajali ikitokea, iandikwe siku hiyo hiyo pamoja na majina ya walioshuhudia.

Walioizamisha Rubens na walioiongoza wamo vitabuni. Waliobeba shehena yake hawamo. Tusikubali sisi nasi tuachwe nje ya daftari.