Vita vya Jirani, Bunduki za Mbali

Watu wa Mbalizi, hapa Mbeya, wa rika langu wanakumbuka miaka ile malori ya Malawi yalipojaa barabarani. Biashara ilichangamka. Gereji zilipata kazi, nyumba za wageni zilijaa, na mama lishe walipika mpaka usiku. Wachache tu waliuliza kwa nini nchi iliyokuwa na reli mbili za kuifikisha baharini, moja ya Beira na nyingine ya Nacala, ihangaike kuteremsha petroli na mbolea yake Dar es Salaam, mzigo upande TAZARA hadi Mbeya, upakiwe upya kwenye malori, ushuke Tukuyu na Kyela, uvuke mto Songwe ndipo uingie Karonga.

Sababu ilikuwa vita vya Msumbiji. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 wapiganaji wa RENAMO walikuwa wamezikata reli zote mbili. Kwa hiyo sehemu ya riziki yetu hapa Mbalizi ilitokana na msiba wa watu wengine, na nadhani tuna deni la kuujua msiba huo vizuri.

Mimi nilikuwa utingo, baadaye dereva, katika malori hayo. Ni Mndali wa Ileje, mtu wa mpakani. Nina ndugu ng'ambo ya Songwe, na tangu utotoni nimejua kwamba mstari wa ramani haumzuii shangazi kuja kwenye msiba. Labda ndiyo maana kipande cha njia kati ya Dedza na Ntcheu, ukitoka Lilongwe kwenda Blantyre, kiliniingia moyoni kuliko vyote. Pale barabara yenyewe ndiyo mpaka. Mkono wa kushoto ni Malawi: mahindi, wanafunzi wanatembea, wanawake wanauza viazi. Mkono wa kulia ni Msumbiji: nyumba za matofali zisizo na mapaa, kuta zenye matundu ya risasi, maduka yaliyoota vichaka ndani. Hakuna moshi wala jogoo.

Watu wa kulia walikuwa wamehamia kushoto. Hawakuwa wageni huko. Ni Wachewa na Wangoni, lugha moja na ukoo mmoja. Wangoni hao ni wa Maseko, ambao babu zao waliwahi kukaa Songea kabla ya kurudi kusini katika karne ya 19. Wareno na Waingereza ndio waliochora mstari katikati yao. Miaka ya mwanzo hapakuwa na kambi kubwa upande ule. Mkimbizi alipewa mahali pa kujenga na mjomba wake au na mkuu wa kijiji cha mjomba wake.

Tulikuwa tukisimama Ntcheu kununua chakula. Mama mmoja aliyetuuzia mandazi alimwambia mzee wangu wa kazi, aliyekijua Kichewa vizuri, kwamba shamba lake analiona kila asubuhi. Alinyoosha mkono kuonyesha mwembe. Mzee akamuuliza, "Amayi, ni nani waliowafukuza?" Akajibu: Matsanga. Kisha akaongeza kwamba bunduki zao zilitoka mbali, maana pale kwao hakuna kiwanda cha bunduki.

Mama yule hakuwa na redio, lakini alikuwa amefika penyewe.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Machi 1976 Rais Samora Machel alifunga mpaka na Rodezia ya Ian Smith, kutii vikwazo vya Umoja wa Mataifa, na akawapa wapigania uhuru wa Zimbabwe nafasi ya kupiga kambi nchini mwake. Rodezia ikajibu. Idara yake ya ujasusi, chini ya Ken Flower, iliwakusanya Wasumbiji waliokuwa na chuki na chama tawala cha FRELIMO, ikawafundisha na kuwapa silaha; hao ndio waliokuja kuitwa RENAMO. Hata kituo cha redio waliwekewa, kikirusha matangazo ya Kireno kutoka Gwelo, mji unaoitwa Gweru leo. Kamanda wao wa kwanza alikuwa André Matsangaissa, na ndiyo maana wanavijiji waliwaita Matsanga. Aliuawa Gorongosa mwaka 1979, na nafasi yake ikachukuliwa na Afonso Dhlakama.

Mwaka 1980 Zimbabwe ikawa huru, na ungedhani mambo yangeishia hapo. Makaburu wakawachukua. Walihamishiwa Phalaborwa, Afrika Kusini, wakapewa mafunzo mapya na silaha nyingi zaidi, na kundi dogo likawa jeshi la kuvuruga nchi nzima. Tarehe 16 Machi 1984 Machel na P. W. Botha wa Afrika Kusini walitia saini mkataba wa Nkomati, kila mmoja akiahidi kutowasaidia maadui wa mwenzake. Mwaka uliofuata majeshi ya Zimbabwe yaliteka ngome ya RENAMO kule Gorongosa, na ndani yake zikapatikana daftari zilizoonyesha kwamba misaada ya Makaburu haikukoma.

Malawi ya Kamuzu Banda nayo ilikuwa na mkono. Mwezi Septemba 1986 Machel, Kaunda wa Zambia na Mugabe wa Zimbabwe walikwenda Blantyre kumwambia Banda wazi kwamba RENAMO wanapita kwake. Baada ya hapo wapiganaji walisukumwa nje ya Malawi, wakamwagika Zambezia na Tete kama siafu. Tarehe 19 Oktoba mwaka huohuo ndege ya Machel ilianguka Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini, ikaua watu 34 akiwemo yeye. Alikuwa akitoka kwenye mkutano Mbala, Zambia. Mbala iko jirani na Sumbawanga, na habari ile ilitukuta Mbeya kama msiba wa nyumbani.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wengi hawapendi kulisikia. Sisi tuliolelewa na siasa za ukombozi tuliipenda FRELIMO, na bado naipenda. Ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Lakini FRELIMO iliwakosea watu wake wa vijijini. Iliwavua madaraka machifu, ikadharau matambiko, ikabana makanisa, ikawakusanya watu kwa nguvu katika vijiji vya pamoja mbali na mashamba na makaburi ya wazee wao. Mnyanyaso huo uliwafanya baadhi ya Wamakua wa Nampula na watu wa Zambezia, wakiwemo machifu, kuwaona RENAMO kama nafuu. Wageni waliwasha moto, ndiyo, lakini walikuta nyasi zimekauka. Anayesema vita vyote vilitengenezwa Salisbury ya Rodezia na Pretoria ya Makaburu anawadharau wanakijiji hao, kana kwamba hawakuwa na kero zao wenyewe. Anayesema vilikuwa ugomvi wa Wasumbiji peke yao anawasafisha waliotoa bunduki. Bila bunduki hizo, chuki dhidi ya vijiji vya pamoja ingebaki manung'uniko ya jioni kwenye kilabu cha pombe.

Waliolipa gharama ni wakulima. Homoine, mkoani Inhambane, watu 424 waliuawa tarehe 18 Julai 1987. Mwaka 1988 Robert Gersony, aliyetumwa na serikali ya Marekani kuwahoji wakimbizi, alikadiria kuwa raia 100,000 walikuwa wameuawa, na sehemu kubwa kabisa ya ukatili waliousimulia ilifanywa na RENAMO. Wakimbizi walimweleza jinsi wanavijiji walivyolazimishwa kubeba mizigo ya wapiganaji kwa siku nyingi bila chakula, na jinsi wanawake walivyochukuliwa. Ripoti hiyo iliwafunga mdomo wanasiasa wa Washington waliotaka RENAMO isaidiwe waziwazi, kama walivyosaidiwa waasi wa Angola.

Kwa jumla, vita hivyo vya miaka 16 vinakadiriwa kuwa viliua watu wapatao milioni moja, wengi kwa njaa na maradhi. Watu wapatao milioni 1.7 walikimbilia nchi jirani. Malawi peke yake ilipokea karibu milioni moja, na Malawi ya wakati ule ilikuwa na watu wasiozidi milioni kumi.

Mwaka 1990 karanga zilikatika kwenye mgao wa chakula cha wakimbizi hao. Mahindi yalikuwepo, lakini mwili hauwezi kuishi kwa mahindi matupu. Wakimbizi zaidi ya 17,000 kusini mwa Malawi walipata ugonjwa wa pelagra, ambao hubabua ngozi ya shingo na mikono na kuharisha, na dawa yake ni vitamini iliyomo kwenye karanga zilezile. Nilimwona mtoto mwenye shingo hiyo, iliyoungua kama amevishwa mkufu wa moto. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kushiba na bado akaumwa kwa kukosa karanga. Hayo pia ni madhara ya vita, ingawa hakuna risasi iliyopigwa.

Wanavijiji hawakukaa wakingoja kuokolewa. Mwishoni mwa vita, mganga kijana aliyeitwa Manuel António alikuwa akiwachanja watu wa Zambezia dawa. Alisimulia kwamba alikufa kwa surua, akazikwa, akafufuka akiwa na kazi ya kuwalinda watu. Wafuasi wake, wengi wao Wamakua na Walomwe, waliitwa Naparama. Walikwenda vitani vifua wazi, wakiwa na mikuki na mapanga, vitambaa vyekundu mwilini, wakiamini risasi haitawapata. Msomaji wa nyanda zetu za kusini hahitaji kuelezwa; babu zetu walikunywa maji ya Kinjeketile katika Vita vya Maji Maji. Tofauti ni kwamba kwa muda Naparama walifaulu. RENAMO waliwaogopa, maeneo makubwa yalikombolewa bila risasi nyingi, na watu wakarudi kulima. Manuel António aliuawa vitani mwishoni mwa 1991. Sidhani dawa yake ilizuia risasi. Nadhani iliwapa watu walioporwa kila kitu sababu ya kusimama pamoja, na hilo hakuna serikali wala mfadhili aliyewapa.

Tanzania nayo iliingia. Jeshi letu lilipeleka wanajeshi Zambezia baada ya kifo cha Machel, na waliokufa Msumbiji tunawakumbuka kwenye makaburi ya mashujaa Naliendele, Mtwara. Naona ilikuwa haki kwenda. Lakini tusijitoe kwenye orodha ya wageni waliopigana katika ardhi ya watu wale. Tulikuwemo, na Zimbabwe ilikuwemo, na Malawi baadaye ikapeleka askari kulinda reli ya Nacala.

Mambo haya hayakuwa ya Afrika tu. Guatemala, Amerika ya Kati, shirika la ujasusi la Marekani lilisaidia kumpindua Rais Jacobo Árbenz mwaka 1954, baada ya kugusa ardhi ya kampuni ya ndizi ya Wamarekani katika mpango wake wa kuwagawia wakulima. Vita vya ndani vilianza 1960, vikaendelea hadi 1996, jeshi likipata silaha na mafunzo kutoka nje. Tume ya kuchunguza vita hivyo iliyotoa taarifa mwaka 1999 ilikadiria waliouawa na kupotezwa kuwa zaidi ya 200,000, na kati ya waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya, wenyeji wa asili, watu wa mahindi kama sisi. Vijiji vyao vilichomwa, na maelfu wakavuka mpaka kuingia Mexico. Mwaka huohuo wa 1999 Rais Bill Clinton alikwenda Guatemala akakiri kwamba Marekani ilikosea kuyaunga mkono majeshi yaliyofanya hayo. Wasumbiji bado hawajasikia maneno kama hayo kutoka kwa kila aliyehusika.

Amani ya Msumbiji ilitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992 na Rais Joaquim Chissano na Dhlakama, kwa usuluhishi wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Rodezia ilikuwa imekufa, Makaburu walikuwa wakifungasha, ukame ulikuwa umekausha maghala ya pande zote mbili. Wafadhili wa vita walipoondoka, wapiganaji walizungumza. Mimi naona hapo pana ushahidi mkubwa wa mkono wa nje kuliko daftari za Gorongosa.

Tangu Oktoba 2017 damu inamwagika tena, safari hii Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara, penye gesi inayotamaniwa na makampuni makubwa ya dunia. Wanaokimbia ni Wamakonde, Wamakua na Wamwani, watu wenye ndugu upande wetu. Majeshi ya nje yalikwenda tena, ya Rwanda, yetu na ya jirani zetu. Mwaka 2021 Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilisema kwamba Wasumbiji zaidi ya 9,000 waliokuwa wamevuka kuingia Tanzania walirudishwa kwa nguvu kupitia kituo cha mpakani cha Negomano.

Najua hofu iliyokuwepo. Kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa na wapiganaji wa Cabo Delgado Oktoba 2020, na Watanzania walikufa. Serikali ina wajibu wa kupekua anayeingia. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni hapekuliwi kwa kurudishwa kwenye mapanga. Malawi, maskini kuliko sisi, ilipokea watu karibu milioni moja na kuwaonyesha mahali pa kujenga. Tunaomba viongozi wetu, na wabunge wa mikoa ya kusini kwanza, wauache mpaka wetu wa mto Ruvuma wazi kwa wanaokimbia.