Macho Barabarani, Akili Kwingine: Simu, Dereva na Ajali Zinazozuilika

Methali husema kwamba ajali haina kinga. Kauli hii huwafariji wafiwa, kwa kuwa huwaondolea mzigo wa kutafuta sababu. Hata hivyo, taaluma ya tiba haina budi kuihoji. Malaria nayo ilidhaniwa kwa karne nyingi kuwa inatokana na hewa mbaya, hadi ilipothibitika kwamba huenezwa na mbu; ndipo ilipojulikana kwa nini chandarua hukinga. Ajali nyingi za barabarani nazo zina sababu zinazojulikana, na mojawapo ni kuhama kwa akili ya dereva kutoka barabarani. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, kwa nini kuiondoa simu mkononi peke yake hakutoshi, na wajibu walio nao wahudumu wa afya, wagonjwa na jamaa zao.

Ukubwa wa tatizo

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu takriban milioni 1.19 hufariki kila mwaka kutokana na ajali za barabarani. Ajali hizo ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaofariki ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki, yaani watu wasiokingwa na bodi la gari wala mkanda. Kwa sababu hiyo, anayelipia kosa la dereva mara nyingi si dereva mwenyewe, bali ni mtoto anayevuka kwenda shuleni au abiria wa bodaboda.

Sura tatu za kukengeuka

Dereva hukengeuka kwa namna tatu. Kwanza ni macho, pale anapoitazama simu au kumgeukia abiria wa kiti cha nyuma. Pili ni mikono, pale anapoachia usukani ili ale, anywe au atafute kitu kilichoanguka. Tatu ni akili, pale anapotazama mbele na kushika usukani kwa mikono miwili, lakini fikra zake zimezama katika mazungumzo, hasira au msiba. Kuandika ujumbe wa simu ni hatari kupindukia kwa sababu hukusanya sura zote tatu kwa wakati mmoja.

Hesabu nyepesi yatosha kuonyesha hatari hiyo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika kila sekunde. Dereva anayesoma ujumbe kwa sekunde 5 huwa ameendesha mita 70 bila kuona. Katika barabara kuu, akiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, hupita takriban mita 110, sawa na urefu wa uwanja wa mpira wa miguu. Hata akichelewa kukanyaga breki kwa nusu sekunde tu mjini, gari husogea mita 7 zaidi. Mita hizo ndizo zinazotofautisha gari linalosimama kabla ya kivuko na lile linalosimama juu yake.

Kwa nini vifaa vya masikioni si kinga

Madereva wengi huamini kwamba wakitumia vifaa vya masikioni au kipaza sauti cha gari, hatari imekwisha. Waendesha pikipiki nao huichomeka simu ndani ya kofia ngumu wakaendelea kuzungumza. Utafiti hauungi mkono imani hiyo. Mwaka 1997, Redelmeier na Tibshirani wa Toronto, Kanada, walichunguza kumbukumbu za simu za madereva 699 waliopata ajali. Walibaini kwamba uwezekano wa kugongana wakati wa kutumia simu uliongezeka takriban mara nne, na kwamba simu zisizoshikwa mkononi hazikuonyesha nafuu yoyote. Mwaka 2005, utafiti uliofanyika Perth, Australia, miongoni mwa madereva 456 waliofikishwa hospitalini baada ya ajali ulipata ongezeko lile lile la mara nne, iwe simu ilishikwa au haikushikwa.

Sababu yake imo katika utendaji wa ubongo. Binadamu hawezi kuzingatia kikamilifu mambo mawili yanayodai fikra. Ubongo huhamahama baina yao, na kila uhamaji una gharama yake. David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walifuatilia mienendo ya macho ya madereva waliokuwa wakizungumza kwa simu katika mtambo wa kuigiza uendeshaji. Walikuta kwamba hata mabango ambayo macho ya madereva yaliyatua hayakukumbukwa vyema. Jicho lilitazama, lakini akili haikuona. Hivyo ndivyo dereva mwenye macho mazima anavyomgonga mtu aliyekuwa mbele yake, kisha akaapa kwa dhati kwamba hakumwona.

Huenda msomaji akauliza: je, mazungumzo na abiria hayana madhara yale yale? Yanaweza kuwa nayo, lakini kuna tofauti muhimu. Abiria mtu mzima aliyeketi kando ya dereva huiona barabara. Likitokea lori la kupishana nalo, hunyamaza au humtahadharisha mwenzake. Anayepiga simu kutoka mbali haoni lolote, huendelea kuuliza na kusubiri jibu.

Wajibu wa dereva na abiria

Kinga haihitaji gharama. Kabla ya kuondoka, dereva aizime milio ya simu na kuiweka mahali asipoifikia, achague njia na kurekebisha viti na vioo gari likiwa limesimama. Simu ya lazima ipokelewe baada ya kuegesha mahali salama nje ya barabara. Kusimama kwenye foleni au taa nyekundu si kuegesha. Mtoto mdogo afungwe mkanda na aketi karibu na mtu mzima wa kumhudumia, ili dereva asilazimike kugeuka nyuma.

Abiria wa daladala, basi au bodaboda naye ana haki na wajibu wa kusema. Maneno ya staha kama vile, “Kaka, tafadhali simama kwanza uzungumze, sisi tutasubiri,” ni magumu kukataliwa, hasa abiria kadhaa wanapoyaunga mkono.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Muuguzi na daktari wamezoea kuuliza kuhusu pombe na tumbaku. Swali jingine liongezwe: “Je, wewe huendesha chombo cha moto? Simu ikiita ukiwa njiani, hufanyaje?” Mgonjwa anayetibiwa jeraha la ajali huwa tayari kusikiliza, na ushauri mfupi usio wa lawama humfaa. Pia anayeandikiwa dawa zinazoleta usingizi, kama vile klorofeniramini au diazepamu, aelezwe waziwazi kwamba asiendeshe zinapomlegeza, kwani akili iliyosinzia ni akili iliyokengeuka.

Jambo moja linawahusu wahudumu wenyewe. Baadhi ya simu zinazovuruga akili ya dereva hutoka hospitalini: mgonjwa amezidiwa, damu inahitajika, au jamaa amefariki. Mpokeaji wa habari hiyo huenda yuko njiani, akiharakisha kuja. Kwa hiyo, kabla ya kutamka lolote, mhudumu aanze kwa kuuliza: “Je, unaendesha? Tafadhali egesha kwanza, kisha nipigie, nakusubiri.” Utaratibu huo uwe sehemu ya namna ya kutoa habari nzito, na familia nazo ziuige. Vivyo hivyo, dereva wa gari la wagonjwa asipigiwe simu akiwa safarini. Mawasiliano yapokewe na mhudumu anayefuatana na mgonjwa.

Umoja wa Mataifa umeutenga muongo wa 2021 hadi 2030 kwa lengo la kupunguza vifo na majeraha ya barabarani kwa angalau nusu. Lengo hilo linahitaji sheria, barabara bora na vyombo vizima. Lakini sehemu yake moja inaweza kutimizwa leo na yeyote mwenye simu: anayeendesha asipokee, na anayepiga akigundua kwamba mwenzake yuko kwenye usukani, akate na kusubiri. Habari iliyochelewa dakika kumi bado itafika.