Mzigo Uko Wapi? Kuunga Tena Springi za Nyuma za Datsun 240Z

Wengi wetu kazi yetu ni ya malori ya miwa, matrekta ya shamba na pikapu za kiwanda. Ni wachache watakaoletewa gari la spoti gereji. Hata hivyo, safari hii tumechagua gari la spoti kwa makusudi. Sehemu yake ya nyuma ina karibu kila kitu kinachoweza kumfundisha fundi juu ya springi, shokomzoba na bushi, na pia kila kitu kinachoweza kumuumiza.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Lilitolewa na kampuni ya Nissan ya Japani mwaka 1969, likiwa na injini ya silinda 6 na ukubwa wa lita 2.4. Katika Afrika Mashariki si gari geni. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya Safari, na mwaka 1973 wakashinda nalo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, na Lofty Drews. Sasa magari hayo ni wazee wa miaka zaidi ya 50. Lakini tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya magari ya zamani yanayoanzia Kenya, na 240Z ni miongoni mwa magari yanayoingizwa. Kila gari la namna hiyo likirudi kutoka barabara za mawe, yuko fundi anayelala chini yake.

Kwa fundi huyo, na kwa kila mmoja wetu, swali la kujiuliza kabla ya kulegeza au kukaza nati yo yote ni moja tu: mzigo uko wapi?

GARI LIMEUNGWA NAMNA GANI

Lori la kawaida lina ekseli moja nzito iliyolala juu ya springi za mabamba. 240Z si hivyo. Difu yake imefungwa kwenye bodi, na kila gurudumu la nyuma linapanda na kushuka peke yake. Gurudumu linashikwa na vitu viwili. Juu kuna mguu wa chuma wenye shokomzoba ndani na springi ya kuzunguka nje; kichwa cha mguu huo kimefungwa kwenye bodi kwa nati 3. Chini kuna mkono mpana wa chuma unaotoka katikati ya gari hadi kwenye gurudumu. Mkono huo una bushi 4 za mpira, yaani bushi 8 kwa pande zote mbili. Mkono na mguu huunganishwa na pini moja ndefu. Nguvu ya injini hutoka kwenye difu na kufika gurudumuni kwa shafti fupi yenye jointi mbili.

MZIGO WA KWANZA: GARI LENYEWE

Jeki ni ya kuinulia, siyo ya kushikilia. Sili ya jeki ya mafuta ikipasuka, gari hushuka mara moja bila kubisha hodi. Kwa hiyo liinue gari juu ya sakafu ngumu, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kisha literemshe bodi juu ya stendi mbili za chuma. Matofali yasitumike, kwa maana tofali hupasuka ghafla. Kabla ya kuingia chini, lisukume gari kwa mkono. Likitikisika juu ya stendi, usiingie.

MZIGO WA PILI: SPRINGI

Springi iliyobanwa ndani ya mguu inasukuma kwa nguvu nyingi, na kinachoizuia ni nati moja tu iliyo juu ya fimbo ya shokomzoba. Fundi akiifungua nati hiyo kabla ya kuibana springi, springi huruka pamoja na kofia yake na kumpiga usoni au kifuani. Kwa njia hii watu wamepata vilema, na wengine wamepoteza maisha.

Tumia vibanio viwili vya springi, kimoja kila upande, vikitazamana. Vikaze kwa zamu, kidogo kidogo, ili springi isipinde. Usisimame mbele ya kichwa cha mguu. Vibanio vyenye meno yaliyolika au skrubu iliyopinda vitupwe. Kufunga waya au kamba ya katani badala ya vibanio ni kucheza na roho.

Wakati wa kuunga, tia shokomzoba mpya ndani ya mguu na kuongeza mafuta kidogo kuizunguka, ili joto lipate njia ya kutoka. Fuatisha mpira wa kuzuia kishindo, kifuniko cha vumbi, springi na kofia. Hakikisha ncha ya springi imekaa mahali pake kwenye kikalio. Nati ya juu ikishakazwa barabara, ndipo vibanio vilegezwe, navyo kwa zamu.

MPANGO WA KUUNGA

1. Difu huanza. Mbele inakaa juu ya mpira uliofungwa kwenye mhimili, na nyuma inashikwa na bamba la chuma lililopinda kama masharubu. Mipira iliyopasuka ibadilishwe sasa, kwa maana baadaye hutaifikia kwa urahisi. Difu ni nzito. Ipandishwe kwa jeki na watu wawili.

2. Mikono ya chini hufuata, ikiwa na bushi mpya. Nati zake zifikishwe mahali pake tu. Zisikazwe kwa nguvu bado.

3. Mguu hupandishwa, na nati 3 za juu hushikizwa kutoka ndani ya gari, nyuma ya viti. Mmoja anashika chini, mwenzake anafunga juu. Mguu usiachwe ukining'inia kwenye bomba la breki.

4. Pini ndefu ndiyo inayowatoa mafundi jasho. Kwa muda wa miaka mingi huganda kwa kutu, na anayeipiga nyundo kwenye ncha huifanya ifure kama kichwa cha uyoga, isitoke kabisa. Pini iliyoharibika isirudishwe. Safisha tundu, paka pini mpya grisi, uiingize kwa mkono. Katikati ina mkato. Mkato huo uelekee tundu la kufuli, na nyuzi zitokeze sawasawa pande zote mbili. Kisha tia kufuli yake.

5. Shafti hufungwa baada ya kujaribu jointi zake kwa mkono. Jointi ikikwama au ikicheza, itapiga kelele barabarani na mwisho itakatika.

6. Breki za nyuma ni za dramu. Gari la zamani huenda likawa bado na viatu vya breki vyenye asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Vumbi hilo lisipulizwe kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo. Lifutwe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Baada ya kuunganisha mabomba, toa hewa yote katika breki.

MZIGO WA TATU: MPIRA WA BUSHI

Hapa ndipo kazi nzuri ya siku mbili huharibika kwa dakika kumi. Bushi ni mpira uliokaa kati ya mirija miwili ya chuma. Ukikaza nati, mrija wa ndani hushikwa usizunguke. Tangu hapo mkono ukipanda au kushuka, mpira hujipinda, halafu hurudi.

Gari likiwa juu ya stendi, mikono ya chini inaning'inia. Fundi akikaza wakati huo, mpira unashikwa katika hali ya kuning'inia. Gari likishushwa, mikono inapanda na mpira unajipinda kabla gari halijatembea hata hatua moja. Kila shimo la barabarani huuongezea msokoto, nao hupasuka mapema. Mwenye gari atasema bushi zilikuwa mbovu, au atasema fundi ndiye mbovu. Bushi hazikuwa na kosa.

Njia iliyo sawa ni hii. Funga magurudumu, teremsha gari chini, libonyeze nyuma mara kadhaa, lisukume mbele na nyuma ili springi zikae. Sasa mzigo uko juu ya magurudumu. Ndipo ukaze nati zote za mikono kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari hilo. Nati za kujifunga zenyewe ziwe mpya. Gari likishatembea kilomita chache, kagua tena.

Kanuni hii haihusu 240Z peke yake. Pikapu ya shamba na basi dogo la kuwaleta wafanyakazi yana bushi za namna hiyo hiyo, nayo huharibiwa kwa kosa hilo hilo.

FUNDI ASIHARAKISHWE

Ndugu wafanyakazi, yote tuliyoeleza yanahitaji stendi, vibanio, spana ya kipimo, na mtu wa pili. Vyombo hivyo si anasa, wala si mali ya kuombwa kwa upole. Ni vyombo vya kazi, na ni wajibu wa mwajiri kuvitoa. Mwajiri anayemtuma fundi mmoja chini ya gari lililo juu ya jeki, akisema gari linatakiwa jioni, anaokoa saa mbili kwa kuhatarisha maisha ya mtu.

Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi anayejiondoa katika kazi kwa kuwa ana sababu ya kuamini kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, alindwe asiadhibiwe isivyo haki. Mkataba Namba 162 wa mwaka 1986 unahusu asbesto. Ulizeni katika tawi lenu kama nchi yenu imeiridhia mikataba hiyo, na sheria ya nchi inasemaje. Kisha hesabuni stendi na vibanio vilivyomo gereji mwenu, muandike vinavyokosekana, na orodha hiyo ipelekwe kwa mwajiri kwa jina la wote, siyo kwa jina la mtu mmoja.