Kikapu cha Udongo cha Nachituti

Katika masimulizi ya watu wa ziwa Mweru, upande wa Nchelenge na visiwa vyake, hakuna mwanamke atajwaye zaidi ya Nachituti, dada yake Nkuba mtawala wa Washila, ambaye kaka yake alimwulia mwanawe wa kumzaa, naye, kwa kuwa hapakuwa na kadhi wa kumshitakia mfalme katika nchi ya mfalme mwenyewe, akaondoka kwenda kwa Mwata Kazembe, mgeni wa Kilunda ambaye watu wake walitoka magharibi, akamwomba amlipizie kisasi. Kazembe akatuma watu wake, Nkuba akauawa, na Nachituti akamkabidhi mgeni yule kikapu cha udongo na chungu cha maji, ndiyo alama ya kumpa nchi na ziwa. Mwanahistoria David Gordon, aliyeichungua historia ya bonde la Luapula, alikipa kitabu chake cha mwaka 2006 jina la zawadi hiyo, na mamlaka ya Mwata Kazembe, ambaye makao yake yapo Mwansabombwe, kusini ya Nchelenge, bado husimuliwa pamoja na kikapu kile.

Wengi huipokea hadithi hii kama hati ya milki. Mimi huisoma kama hukumu ya kesi. Mwanamke aliyedhulumiwa na dola ya kwao alipata haki kwa mkono wa dola ya kigeni, na haki ile ilikuja na bei, na bei yenyewe haikulipwa na mtetezi, ililipwa na nchi ya mdhulumiwa. Ndiyo maana kila nisikiapo mataifa yakitangaza kwamba yako bega kwa bega na wanawake wa Iran, hukumbuka chungu kile cha maji, nikataka kujua, kabla ya kupima huruma ya msemaji, gharama ya utetezi wake itatoka mfukoni mwa nani.

Habari za Iran zinajulikana, walakini si vibaya kuzikumbusha. Tarehe 13 Septemba 2022, Mahsa Jina Amini, binti wa Kikurdi wa mji wa Saqqez, mwenye umri wa miaka 22, alikamatwa Tehran na askari wa maadili kwa madai kwamba hakujifunika kama sheria itakavyo, na siku tatu baadaye akafariki hospitalini. Siku ya maziko yake wanawake walivua mitandio makaburini, na kilio cha Kikurdi kidaicho mwanamke, uhai na uhuru kikaenea nchi nzima, mpaka waliouawa kwa mkono wa vyombo vya dola wakapita 500, wakiwamo watoto. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Sara Hossain, mwanasheria wa Bangladesh, yaani mwanamke atokaye katika taifa la Waislamu, ilitoa ripoti mwezi Machi 2024 ikasema kwamba mengi katika matendo yale yalifikia daraja la jinai dhidi ya binadamu, ikiwamo kuwaandama watu kwa sababu ya jinsia yao.

Hapa msomaji wa pwani, ambaye mama yake na bibi yake walivaa buibui kwa hiari na kwa fahari, aweza kuuliza kama kuwaunga mkono wanawake hao si kuitukana staha ya nyumbani kwake. Hasha. Mwaka 1936 mfalme Reza Shah alipiga marufuku hijabu, na askari wake wakawavua wanawake njiani, hata wengine wakajifungia majumbani wasionekane uchi wa kichwa. Mwaka 1983 dola iliyoushika utawala baada ya mapinduzi ikaandika sheria ya kuwapiga viboko wasiojifunika. Nguo ni ile ile, askari ni yule yule, amri tu ndiyo iliyogeuzwa ndani nje. Tarehe 8 Machi 1979, hata kabla sheria hiyo haijaandikwa, maelfu ya wanawake, na miongoni mwao waliojifunika kwa ridhaa yao, walijitokeza katika mitaa ya Tehran kupinga kulazimishwa. Msichana wa Kenya anayedai mtandio wake darasani na msichana wa Tehran anayeukataa wake garini wana dai moja, kwamba ikrahi isiingie baina ya mja na Mola wake; na dini yenyewe imekwisha kulisema jambo hilo waziwazi kuliko serikali yoyote.

Sasa turudi kwa watetezi. Mwezi Juni 2025 Waziri Mkuu wa Israel, katika hotuba aliyowaelekezea Wairani siku ndege zake zilipoanza kuishambulia nchi yao, alikitamka kilio kile cha mwanamke, uhai na uhuru kana kwamba ni chake. Na tarehe 23 ya mwezi huo huo mabomu yakaanguka juu ya gereza la Evin, mahali wanapofungiwa wanawake wale wale waliokitoa kilio hicho kwa gharama ya miili yao. Wakafa makumi ya watu, wakiwamo watumishi wa gereza na jamaa waliokwenda kuwatazama ndugu zao, na wanawake mahabusi waliobaki hai wakahamishiwa gereza la Qarchak. Sijui jina jingine la msaada wa namna hiyo ila lile lililokwisha simuliwa Mweru.

Serikali zetu za Afrika nazo zina kosa lao, nalo ni kunyamaza, ingawa kimya hicho kina historia ambayo si haki kuificha. Shah wa mwisho wa Iran alikuwa akiwauzia Makaburu wa Afrika Kusini sehemu kubwa kabisa ya mafuta yao, na mapinduzi ya 1979 ndiyo yaliyoufunga mfereji huo. Wapigania uhuru hawakusahau, na Nelson Mandela alikwenda Tehran mwaka 1992. Fadhila ni deni, nami sipendi kumsema vibaya alipaye deni. Lakini deni lile lilikuwa la watu wa Iran, na nusu ya watu wa Iran ni wanawake. Tarehe 14 Desemba 2022, Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa lilipoitoa Iran katika Kamisheni ya Hali ya Wanawake, kwa kura 29 dhidi ya 8, nchi 16 zikijizuia, miongoni mwa waliokataa walikuwamo Nigeria na Zimbabwe. Nchi zilizojua utamu wa kusemewa zilipoona zamu ya kusema imefika, zikaona taabu.

Pengine ni kwa sababu tunadhani jambo lenyewe liko mbali nasi. Nenda ufukweni Kashikishi, huko Nchelenge, asubuhi. Mwanamke wa Kikongo aliyevuka kutoka upande wa Kilwa au Pweto ameanika chisense zake mchangani, vile visamaki vidogo vya Mweru ambavyo watu wa Tanganyika wangeviita dagaa. Anazigeuza kwa kiganja, anachambua kokoto, anasemezana na mteja kwa Kiswahili cha Katanga kilichochanganyika na Kibemba, na mtaji wake ameufunga katika pindo la kitenge. Yeye ndiye ajuaye bei ya mafuta ya mashine, yeye ndiye ahesabuye siku za kujiwekea akiba kabla ya tarehe 1 Desemba, maana toka siku hiyo mpaka mwisho wa Februari serikali ya Zambia huufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Biashara nzima imo kichwani mwake. Walakini, mwanamke huyu, akiwa ni mke wa mtu, lau angetaka mwaka 2015 kuweka sahihi katika mkataba au kusimama mbele ya hakimu upande wake wa ziwa, sheria ingemtaka kwanza idhini ya mumewe, kwani ndivyo ilivyoamuru Kanuni ya Familia ya Zaire ya mwaka 1987, iliyotungwa na dola ambayo mwaka mmoja tu kabla yake ilikuwa imeuridhia mkataba wa kimataifa wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake.

Linganisha na Niloufar Ardalan, nahodha wa timu ya Iran ya wanawake ya mpira wa miguu wa ukumbini, ambaye mwaka huo huo wa 2015 aliikosa michuano ya Asia iliyochezwa Malaysia, si kwa jeraha wala kwa uzembe, bali kwa sababu mumewe alikataa kutoa idhini ya pasipoti, na sheria ya nchi yake ilimpa mume haki hiyo. Mchuuzi wa chisense na nahodha hawakupata kuonana, wala lugha zao hazielekeani. Karatasi inayowafunga ni moja. Wakongo waliifuta yao mwezi Julai 2016, baada ya miaka mingi ya wanawake wanasheria kubisha hodi bungeni, ijapokuwa mume aliachwa katika cheo chake cha mkuu wa nyumba. Ya Iran ingali hai.

Wala Zambia isijitakase. Mpaka mwaka 1992 hoteli kubwa ya Lusaka ilikuwa na desturi ya kumzuia mwanamke asiyefuatana na mwanamume, kwa dhana kwamba mwanamke wa peke yake hana kazi nyingine hotelini ila ile moja, hata Sara Longwe, mwanamke asiyeogopa maneno, akaipeleka hoteli hiyo ya Intercontinental katika Mahakama Kuu, na jaji akampa haki. Katika hukumu ile jaji aliitazama mikataba ambayo Zambia ilikuwa imeiridhia, akaona kwamba dola ikiiridhia imeonyesha nia ya kufungwa nayo. Namna hii ya mshikamano wa mataifa haina ngoma wala bendera, na aghalabu magazeti huipita. Mimi naiona ndiyo bora, kwa kuwa maneno yaliyoandikwa na watu wa mbali yalifika Lusaka yakamfungulia mtu mlango, na hakuna ziwa lililochukuliwa.

Na Zanzibar, ambako Kiswahili chetu hujivunia utukufu wake, ilikuwa na Septemba yake ya mwaka 1970, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi walipoozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Mapinduzi, na wazazi waliopinga wakaonja mkono wa dola. Kelele zilipigwa nje ya nchi kuliko ndani, na wakubwa wakazijibu kama zijibiwavyo daima, kwamba wageni wasiingilie. Nalitaja jambo hili kwa uchungu na kwa ufupi, maana wenye nalo wengine wangali hai. Ila atakayesema kwamba mambo ya wanawake wa Iran ni ya Wairani peke yao, na akumbuke kwamba palikuwa na siku damu ya Iran ilililia haki Unguja.

Basi je, upo mfano wa mtetezi aliyelipa mwenyewe? Upo, na ni wa Zambia. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 walikwenda mpaka ofisi za serikali mjini Pretoria kuzikataa pasi, karatasi nyingine ya idhini, na harakati walizokuwa wakizipigania zilipofukuzwa kwao zikapewa makao Lusaka. Zambia ililipa. Mwaka 1973 mpaka wake na Rhodesia ulifungwa, na shaba yake ikalazimika kutafuta njia ndefu. Mwaka 1978 ndege za Rhodesia zikaja kupiga kambi za wakimbizi na wapiganaji karibu na Lusaka yenyewe. Nchi maskini ilibeba mzigo huo miaka mingi, na uhuru ulipopatikana kusini haikudai shubiri ya udongo. Desturi hiyo haijafa hata leo, kwani mwaka 2017 Wakongo walipoukimbia tena mkono wa vita katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, walipokelewa katika kituo cha Kenani, kisha yakafunguliwa makazi ya Mantapala, huko huko wilayani Nchelenge, kaya zikapewa viwanja vya kujenga na kulima. Wilaya ambayo haina ziada iligawa ardhi kwa watu zaidi ya 10,000.

Wanawake wa Iran nao hawajaomba mabomu. Wanachoomba kimeandikwa. Tarehe 8 Machi 2023 wanawake wa Iran na wa Afghanistan, akiwamo Shirin Ebadi, aliyepewa Nobeli ya Amani mwaka 2003, waliyasihi mataifa kwamba utawala unaowabagua wanawake kwa mfumo wa sheria uhesabiwe kuwa jinai ya kimataifa, katika daraja lile lile ulilowekwa utawala wa Makaburu na mkataba wa mwaka 1973. Ombi hilo halihitaji askari hata mmoja. Linahitaji kura, na linahitaji wanasheria wajuao kwa nini neno moja katika mkataba laweza kumfikia mwanamke gerezani.

Nafasi yenyewe ipo. Mwezi Desemba 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba mkutano wa kutunga mkataba juu ya jinai dhidi ya binadamu ufanyike katika miaka ya 2028 na 2029, na kila serikali itakuwa na kiti chake. Lusaka, iliyowapa makao waliopigana na Makaburu, haina udhuru wa kwenda pale na kukaa kimya; Dodoma na Nairobi hazina; Kinshasa, iliyoifuta karatasi yake ya idhini juzi tu, inayo hata hoja ya kusimulia. Wewe msomaji, kama una mbunge, mwulize sasa, kabla ujumbe haujateuliwa, nchi yako itasema nini.