Kosa la Kalamba Hufanywa Pia Manila

Mwalimu wa Kiingereza katika shule ya Ukambani akikuta "furnitures" au "equipments" kwenye insha, kalamu nyekundu haichelewi. Ukimuuliza kosa limetoka wapi, jibu analo mkononi: athari ya lugha mama. Mtoto anafikiri kwa Kikamba, ndiyo maana Kiingereza chake kinachechemea. Maelezo haya yamerudiwa katika vyuo vya ualimu miaka na miaka hadi hakuna anayeyahoji. Kwa sehemu kubwa si kweli, na ushahidi uko ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Kuna Kalamba mbili. Moja ni hii ya Makueni, huko Ukambani, ambayo jina lake limo katika wadi ya Nzaui/Kilili/Kalamba. Nyingine iko Ufilipino, katika mkoa wa Laguna, kusini mwa Manila. Wenyeji huiandika Calamba, na ndiko alikozaliwa mwaka 1861 José Rizal, daktari na mwandishi ambaye Wafilipino wanamhesabu shujaa wao mkuu. Majina haya hayana undugu, yamefanana kwa bahati tu. Wala lugha zenyewe hazina undugu: Kikamba ni Kibantu, na Kitagalogi cha Calamba ni cha ukoo mmoja na Kimalei na Kimalagasi. Hata hivyo mwanafunzi wa Calamba naye huandika "furnitures", huandika "equipments", na huandika "staffs" akimaanisha wafanyakazi. Wa Delhi na wa Singapore pia. Kama mkosaji ni Kikamba, Manila kilifikaje?

Mkosaji ni Kiingereza chenyewe. Lugha hiyo inakuruhusu kuhesabu viti na meza, lakini ukivikusanya pamoja ukaviita "furniture", inakukataza kuhesabu. Pendekezo linahesabika, ushauri hauhesabiki. Hakuna mantiki ya kumfundisha mtoto hapo, ni desturi tu, na desturi hupatikana kwa kuishi nayo tangu utotoni. Aliyekutana na lugha darasani, kwa saa chache kwa siku, hufanya ambalo akili yoyote nzuri ingefanya: hutafuta kanuni na kuinyoosha. Ndivyo inavyokuwa pia kwa "discuss about", ambayo utaisikia Nairobi na Mumbai. Ikiwa watu huzungumza "about" jambo, na nomino "discussion" nayo huchukua "about", kwa nini kitenzi peke yake kinyimwe?

Kile kiswali kidogo cha mwisho wa sentensi kinahitaji uangalifu zaidi. Mwingereza hukibadilisha kila mara kufuata kitenzi na mtendaji: "doesn't he", "won't they", "haven't we". Wahindi na Wakenya wengi hutumia "isn't it" kwa yote, na Msingapore ana "is it" yake. Hapa nakubali lugha mama ina mkono wake, kwa kuwa lugha nyingi za dunia zinatosheka na kiswali kimoja, kama "sivyo?" ya Kiswahili. Lakini lugha mama hizo ni mamia, za koo mbalimbali, na zote zinasukuma upande mmoja. Kinachoshangaza hapo ni ugumu wa Kiingereza.

Lugha mama inatawala kwa hakika mahali pengine, yaani mdomoni. Kikamba hakina sauti r, na b, d na g hutokea tu zikitanguliwa na sauti ya puani. Ndiyo maana duka likawa nduka na gari likawa ngali. Sauti hizo hizo huingia katika Kiingereza cha mzungumzaji, na Wakenya wengine hawakosi kumtania. Mfilipino ana mtihani wake: Kitagalogi cha asili hakina f, kwa hiyo f ya Kiingereza mara nyingi huwa p, na lugha ya taifa lake iliwahi kuitwa Pilipino kabla haijaitwa Filipino. Mjapani hatenganishi r na l, sawa na Mkamba, ingawa sauti aliyonayo yeye iko karibu zaidi na r. Isitoshe, Kijapani na Kikamba havipendi konsonanti zilizobanana. Neno la Kiingereza la shule lilipofika Ukambani likawa sukulu. Japani likawa sukūru. Hakuna aliyemwiga mwenzake.

Lakini hata mdomoni mambo si rahisi hivyo. Kikamba kina irabu 7, Kiswahili kina 5. Ungetarajia Mkamba aingie kwenye Kiingereza na irabu nyingi zaidi kuliko mtu wa Mombasa. Mara nyingi haiwi hivyo. Wote wawili hutamka "ship" na "sheep" karibu sawa, kwa sababu hawakujifunza Kiingereza kwa Waingereza. Walijifunza kwa walimu Wakenya, ambao nao walifundishwa na Wakenya. Lugha hiyo sasa ina ukoo wake hapa nchini, na mtoto hurithi ukoo huo pamoja na irabu zake.

Ukoo huo ulianzaje? Kwa Nzaui, tarehe tunayo. Mwishoni mwa 1895 Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Glasgow aliyekulia Philadelphia, alifungua hapo kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Alikufa Desemba 1896, mwezi uleule ambao Wahispania walimpiga Rizal risasi mjini Manila. Mwaka 1898 Marekani iliitwaa Ufilipino, na Agosti 1901 meli ya jeshi iitwayo Thomas ikashusha Manila walimu Wamarekani wapatao 500 waende kufundisha Kiingereza shuleni. Yaani Kalamba zote mbili zilipata majirani kutoka Marekani katika miaka ileile. Tofauti ni kwamba wa Ufilipino walikuja na serikali nyuma yao, na shule zikawa za Kiingereza mara moja. Wamisionari wa Ukambani walitaka Biblia isomwe kwa Kikamba, na Kiingereza kikangoja.

Kilipokuja kwa nguvu, kilipitia Asia. Jambo hili halitajwi vya kutosha. Hadi 1920 fedha ya Kenya ilikuwa rupia. Kanuni ya Adhabu ya India, ile ya 1860, ilitumika hapa kwa miaka mingi. Reli iliyojengwa kuanzia 1896 kwa vibarua wa kutoka India ilipita Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, na makarani wengi wa reli na wa serikali walikuwa Wahindi na Wagoa. Ukisoma barua ya ofisi ya Kenya leo, ile inayoomba kwa unyenyekevu na kusema "kindly revert" kwa maana ya nijibu, unaona mtindo unaofahamika vizuri Chennai na Kuala Lumpur. Mwingereza wa sasa akiipata huenda akashangaa karani huyu anarudi wapi.

Kisha mwaka 1957, jijini Nairobi, wizara ya elimu ilianza kuwafundisha watoto wa Kiasia kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Watoto hao walizungumza Kigujarati, Kipunjabi, Kiurdu na nyinginezo, na ilionekana ni vigumu kuwafundisha kila mmoja kwa lugha yake. Mpango ulionekana kufaulu, ukapelekwa katika shule za Waafrika kwa jina la New Primary Approach, na Tume ya Ominde ya 1964 ikaunga mkono Kiingereza tangu mwanzo. Tume ya Gachathi ya 1976 ilirudisha lugha ya eneo katika madarasa ya chini, lakini wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuamua. Nadhani tulirithi mpango bila kurithi mazingira yake. Mtoto wa mwenye duka wa Nairobi alisikia Kiingereza barabarani na kwenye sinema. Wa Kalamba alikisikia kwa mwalimu mmoja, na mwalimu huyo mara nyingi alikuwa naye anajifunza.

Wataalamu wamewahi kubishana kuhusu hali hii. Mwaka 1985 Braj Kachru, mwanaisimu wa Kashmir, alizigawa nchi za Kiingereza katika duara tatu. Ndani kabisa aliweka Uingereza, Marekani na wenzao. Katika duara la pili ziko India, Singapore, Ufilipino, na pia Kenya: kulikotawaliwa kwa Kiingereza na wenyeji wakakifanya chao. La tatu ni la China na Japani, wanaokisoma kama lugha ya wageni. Randolph Quirk wa London aliandika mwaka 1990 kwamba walimu wa kila mahali washike kawaida ya wenye lugha. Kachru akamjibu mwaka uliofuata kwamba wenye lugha sasa ni wengi. Tanzania, kwa njia, huwasumbua wachoraji wa duara hizi: historia inaiweka la pili, maisha ya kila siku yanaivuta kuelekea la tatu.

Mimi namfuata Kachru, ila si kwa kila kitu. Kuna maneno ambayo yamekwisha kupata hati miliki. Bunge la Kenya limeandika "matatu" katika Sheria ya Trafiki, kwa Kiingereza. Ufilipino ilipitisha mwaka 1972 sheria dhidi ya "carnapping", yaani kuiba gari. Anayeyaita hayo makosa itabidi awasahihishe mahakimu. "Furnitures" bado haijafika huko, na mwanafunzi anayeiandika kwenye mtihani wa taifa atapoteza alama. Mwalimu ana wajibu wa kumwambia hivyo, bila kukisingizia Kikamba.

Mambo haya yana bei. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kupeleka wauguzi huko. Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema Oktoba ile kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio walifaulu. Nchi ilicheka, na wengine wakakumbusha kwamba hawa ni watu waliosomea uuguzi wote kwa Kiingereza. Wauguzi kutoka India na Ufilipino, ambao ni wengi zaidi katika daftari la Uingereza la waliosomea ng'ambo, hufanya mtihani wa aina hiyohiyo. Lakini Kerala na Manila kuna vituo vya kulipia ambavyo kazi yake ni kufundisha mtihani wenyewe: insha ipangwe vipi, dakika zigawanywe vipi, mtahini anatafuta nini. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba hata wauguzi wa Australia, waliozaliwa na Kiingereza, walikuwa wakianguka katika sehemu ya kuandika. Desemba 2018 baraza la wauguzi la Uingereza likashusha alama ya kuandika kutoka 7 hadi 6.5.